Kijitabu cha Kupumua

Nasaha za kumtuliza mwanamke mwenye shughuli nyingi zimekuwa nyingi kuliko wanawake wenye nafasi ya kuzisoma. Ziko magazetini, ziko redioni, ziko katika mafundisho ya ndoa na katika sherehe za kumfunda bibi harusi. Aghalabu zinafanana: amka kabla ya wengine ukae kimya, kunywa maji mengi, fanya mazoezi, oga maji ya uvuguvugu, jitengee siku moja ya kwako, jifunze kusema hapana. Msomaji akizipanga pamoja ataona jambo la kushangaza. Mwanamke aliyelemewa na kazi ishirini anaongezewa sita nyingine, na hizo sita zinaitwa mapumziko.

Katika kurasa hizi nataka kukipima kijitabu kimoja tu, nacho si kibaya. Ni kijitabu cha picha kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, ambacho jina lake kwa Kiswahili ningelisema "Kufanya Lenye Maana Wakati wa Msongo". Nimekichagua kwa sababu ni bora kuliko nasaha nyingi za aina yake, na kitu kilicho bora ndicho kinachostahili kuhojiwa. Nimekisoma nikiwa hapa Kivukoni, mahali pa kuvukia Mto Kilombero, si mbali na mji wa Ifakara, na ni kwa macho ya hapa ninakipima.

Kwanza tukubaliane juu ya jina la ugonjwa. "Msongo wa mawazo" ni maneno ya zahanati na ya gazeti. Mama wa kwetu hasemi kwamba ana msongo. Husema, "Nina mawazo," na anayesikia hahitaji ufafanuzi. Akizidiwa husema kichwa hakitulii, au moyo unamwenda mbio, au mwili umekufa ganzi na hana homa. Wenzetu wa Zimbabwe wanaosema Kishona nao wanalo neno, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Nimeona faraja kwamba watu walio mbali na sisi wamelitazama jambo hili wakaliita kama tunavyoliita sisi: ni mawazo, nayo yamezidi kipimo.

Kijitabu hicho kina masomo matano. La kwanza ni kutulia: mtu anapozidiwa apunguze mwendo, apumue taratibu, akanyage ardhi kwa nguvu, kisha aangalie kilicho mbele yake, asikilize sauti zilizo karibu, na arudi katika kazi aliyokuwa akiifanya. La pili ni kujinasua: kulitambua wazo linalomkamata na kulitaja kwa jina, bila kupigana nalo. La tatu ni kutenda kwa kufuata yale anayoyathamini maishani. La nne ni kuwa mpole, kwa nafsi yake na kwa wengine. La tano ni kuyapa maumivu nafasi yake, kama mbingu inavyoipa nafasi kila hali ya hewa. Mazoezi yenyewe ni ya dakika chache, na yako pia katika sauti zilizorekodiwa ili mtu asikilize akifanya.

Nikisifu kwanza, nasifu kwamba hakimdai mwanamke fedha wala siku nzima. Mama aliyeshika jembe anaweza kukanyaga tope la jaruba, akalisikia baridi lake kati ya vidole, akajua kwamba yuko shambani, hayuko tena katika ugomvi wa jana usiku. Hili linawezekana, na nimeliona likimsaidia mtu. Nasifu pia ukweli wake. Nasaha nyingi zinaahidi furaha. Hiki kinasema kwamba katika hali ngumu mtu ana njia tatu: kuondoka, au kubadili kinachobadilika, kuyakubali maumivu ya kisichobadilika na kuendelea kuishi kwa kadiri ya maadili yake, au kukata tamaa na kuyaacha maadili hayo. Hakimwambii kwamba njia ya kwanza ni rahisi, wala kwamba ya pili haina machozi. Mwandishi anayesema hivyo anamheshimu msomaji wake.

Lakini ule mfano wa mbingu umenisumbua. Katika bonde hili hali ya hewa si mfano wa jambo jingine. Mvua hushika mwishoni mwa mwaka, mpunga hupandwa na kupaliliwa, mto hupanda na kutandaza maji katika tambarare yote, na mpunga ukianza kutoa masuke huja ndege. Ndege hawana Jumapili. Familia nyingi huhamia shamba kwa majuma au miezi, wakaishi katika vibanda mbali na zahanati, mbali na shule, mbali na jirani wa kumwita usiku. Huko mama ndiye anayepalilia, anayechota maji, anayetafuta kuni, anayepika, anayenyonyesha, na kukikucha anaamia ndege. Ikiwa watoto wa shule wamebaki kijijini na bibi yao, basi nusu ya akili yake imebaki nao. Mbingu haidhuriwi na hali ya hewa. Ndiyo maana inaweza kuipa nafasi. Mpunga hudhuriwa, na mwenye mpunga pamoja nao. Kumwambia mwanamke wa bondeni awe kama mbingu ni kumpa sura nzuri ya mtu asiye na shamba.

Niliwasomea majirani watatu lile somo la pili, la kujinasua, jioni moja tukichambua mchele. Nilikuwa nikilitafsiri papo hapo, nao wakinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mmoja wao, mama wa watoto wanne, akaniuliza, "Sasa mwalimu, hilo wazo nikishalitaja jina lake, Jumatatu nalilipa na nini?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Wazo lake lilikuwa na jina tayari, nalo ni marejesho.

Msomaji wa Tanzania anajua ninachokisema. Ni ile mikopo midogo ya haraka ambayo watu wenyewe wameibatiza kausha damu. Mkopaji hupewa fedha bila masharti mengi, akaandikisha kitanda, televisheni au simu kuwa dhamana, akaanza kurejesha kila juma, pengine kila siku, pamoja na riba inayouma. Kwa mwenye genge au mama lishe, ambaye fedha yake huzunguka kila siku, hesabu huenda ikasimama. Kwa mkulima wa mpunga haisimami. Shamba humlipa mara moja kwa mwaka, rejesho humdai kila Jumatatu. Ili asiaibike mbele ya kikundi huuza mpunga mapema kwa bei ya kutupa, au hukopa kwa huyu amlipe yule. Mawazo ya mama huyo hayamdanganyi. Yanamkumbusha deni la kweli, tena kwa tarehe.

Hapa ndipo lilipo kosa la kijitabu, na nataka nilitaje bila kukionea. Kinayachukua mawazo yote kama ndoana: kila linalokunasa lijue, litaje, liachie. Kuna mawazo ya namna hiyo. Anayejiambia usiku kucha kwamba yeye ni mama mbaya kwa kuwa mtoto aliugua degedege amenaswa na wazo la uongo, na atakayemfundisha kujinasua atakuwa amemtendea wema mkubwa. Lakini kuna mawazo ambayo ni hati ya madai. Kujinasua nayo kwa dakika tano ni halali, ili mtu apate usingizi na kesho aamke na akili. Kudhani kwamba kujinasua ndiyo dawa ni kumwacha na deni lake. Kijitabu kinasema, ni kweli, badili kinachobadilika. Ila kinamwambia mtu mmoja, aliye peke yake na karatasi mkononi, kana kwamba riba, mume, ndege na mto ni mambo ya kubadilishwa na mwanamke mmoja akishapumua vizuri.

Jambo la ajabu ni kwamba mafunzo haya hayakupimwa hivyo. Kabla ya kijitabu kusambazwa, mafunzo yake yalijaribiwa kaskazini magharibi mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kwa wanawake waliokimbia vita Sudan Kusini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wanawake 694 walishiriki. Nusu yao walipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, yaani mazungumzo mafupi na mhudumu wa afya ya jamii. Nusu nyingine waliingia katika mafunzo: vikao vitano vya kama saa mbili kila kimoja, wanawake ishirini hadi thelathini pamoja, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao na kuongozwa na watu ambao si wataalamu wa magonjwa ya akili. Miezi mitatu baadaye waliokaa katika vikao walikuwa na nafuu zaidi kuliko wenzao. Nafuu yenyewe haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo, na kwa watu waliopoteza nchi yao si haba.

Soma tena maelezo hayo, msomaji, uone kilichokuwemo ndani ya kile chumba. Masomo matano yalikuwemo. Lakini walikuwemo pia wanawake thelathini walioacha kazi kwa saa mbili wakakaa pamoja, mara tano, kila mmoja akimwona mwenzake naye anapumua kwa shida. Upande wa pili haukuwa na mkusanyiko wa namna hiyo. Basi ni nani ajuaye nafuu ile ilitoka kwa sauti ya kaseti kiasi gani, na kwa kukaa mkekani kiasi gani? Sisemi kwamba masomo hayakufanya kazi. Nasema kwamba kijitabu kilichapishwa kikamfikia msomaji mmoja mmoja, na mkeka ukabaki Uganda.

Zimbabwe hawakuuacha. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi katika kitongoji cha Mbare jijini Harare akiwa na akina bibi kumi na wanne, wazee wa kawaida wa mtaani, ambao walifundishwa kukaa benchini na mtu mwenye kufungisisa na kumsikiliza. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare, ukaonyesha kwamba baada ya miezi sita waliosikilizwa na akina bibi wale walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ninalolipenda zaidi katika mpango ule ni kazi ya benchini yenyewe. Bibi hamwambii mgeni wake atulie tu. Humwomba ayataje matatizo yake yote, achague moja, na pamoja wanatafuta hatua ya kulipunguza hilo moja. Halafu anaalikwa katika kikundi ambacho watu hufuma mikoba huku wakizungumza, na mkoba unauzika. Pale pana sikio na pana pato.

Mtu anaweza kusema: wanawake wa Kivukoni nao si wakae pamoja, nani amewazuia? Aliyewazuia ni saa. Zamani, kabla ya daraja, kila aliyetaka kuvuka kwenda Lupiro na Mahenge au kurudi Ifakara alisubiri kivuko. Wanawake wenye ndoo za kambale na mafurushi ya mchele walikaa ukingoni muda mrefu, na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya walizungumza. Sitaki kuusifu ule usumbufu. Wagonjwa walichelewa hospitali kwa sababu yake, na Januari 2016 kivuko kilizama mtoni. Daraja lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa rasmi Mei 2018, ni neema, na hakuna mwenye akili anayetamani turudi nyuma. Nauliza tu zile saa zilizookolewa zimekwenda wapi. Kwa ninavyoona, hazikwenda kwenye mapumziko ya mama. Aliyekuwa akivuka mara moja kwa siku sasa huvuka mara mbili, kwa bodaboda, na jioni chungu kinamsubiri palepale kilipokuwa. Saa iliyookolewa bila mwenyewe haikai wazi. Huingiwa na kazi iliyo karibu.

Kukaa pamoja nako, hata saa zikipatikana, si uganga. Aliyetuonya mapema ni Penina Muhando, mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Morogoro, katika tamthilia yake Nguzo Mama ya mwaka 1982. Wanawake wanane wa kijiji cha Patata wanakusanyika kuisimamisha nguzo iliyolala. Nguvu wanazo na nia wanayo. Lakini kila mmoja amekuja na nyumba yake mgongoni, na nyumba humwita. Huyu anaondoka, yule anaondoka, na tamthilia inakwisha nguzo ingali chini. Wapo wasomaji wanaolaumu kwamba mwisho ule unavunja moyo. Mimi naona ni mwisho wa kweli kuliko hotuba nyingi za vikundi vya akina mama. Muhando aliona kwamba mkusanyiko usioupunguza mzigo wa nyumbani huwa ni mzigo mmoja zaidi. Vikundi vyetu vya leo vinalithibitisha hilo: kuna mwanamke anayeogopa siku ya kikundi kuliko siku ya palizi, kwa sababu ya faini, kwa sababu ya marejesho, na kwa sababu aliyoyasema pale jana ameyakuta kisimani leo.

Basi nasaha njema ifananeje? Bonde hili lina mfano wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, palikuwa na mradi wa vyandarua vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu, pamoja na dawa ya kuvitia. Akina mama walifundishwa juu ya malaria, naam, lakini somo lilikuja na chandarua, na kilipatikana dukani karibu na nyumbani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kulala katika vyandarua vilivyotiwa dawa kulihusiana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wenye umri wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Hakuna aliyemwambia mama amzoee mbu, au aliangalie vizuri wazo lake juu ya mbu. Alipewa somo na kitu cha kushika.

Kijitabu cha kupumua ni somo bila chandarua. Hukumu yangu juu yake ndiyo hiyo, na simaanishi kwamba kitupwe. Nimekihifadhi, na lile zoezi la kukanyaga ardhi nalifundisha kwa yeyote anayetaka. Ila ningependa anayekileta kwa wanawake wa mahali kama hapa akilete kwa mkeka. Kisomwe na watu wachache wanaoaminiana, si thelathini wasiojuana. Wakati wa kikao mtoto ashikwe na mtu mwingine, na mtu huyo mwingine awe mara moja moja baba yake. Kila kikao kiishie kwa mzigo mmoja uliopungua: zamu ya kuamia ndege iliyobadilishwa ili mwenzetu alale mchana mmoja, debe la mpunga lililochangwa ili asiuze kwa bei ya kutupa, mzee aliyetumwa kuzungumza na mume, mkataba wa mkopo uliosomwa kwa sauti kabla haujatiwa dole gumba. Hayo yote si mageni kwetu. Tunayafanya kwenye msiba bila kufundishwa na mtu, ambapo mfiwa haambiwi apumue kwanza. Anachotewa maji, anapikiwa, na anakaliwa karibu. Ni kwa nini tumngoje mtu afe ndipo tumpokee mama mzigo wake?

Na yako mawazo yanayovuka uwezo wa mkeka. Mtu akipita majuma mawili halali, hali, haoni ladha ya lolote, au akianza kusema kwamba heri asingekuwepo, huyo asisomewe kijitabu wala asiambiwe avumilie. Sonona ni ugonjwa na una tiba. Apelekwe hospitali na mtu wa kumshika mkono, na anayempeleka akae naye mpaka mwisho.

Yule jirani yangu bado anadaiwa. Wenzake wawili wamekubaliana naye kwamba msimu huu wataamia ndege kwa zamu katika mashamba yote matatu, ili kila mmoja apate siku mbili kwa juma za kurudi kijijini, na yeye siku zake anauza samaki wa kulipia Jumatatu. Deni halijakwisha. Ananiambia usingizi umerudi kidogo. Nilipomuuliza kama bado anakumbuka lile zoezi la kupumua, alisema analikumbuka, hulifanya darajani akisubiri wateja, na kwamba linafaa zaidi tangu alipopata wa kumwachia shamba.